Sura ya Saba: Risiva Kwanza, Wati Baadaye

Ripita nyingi za redio ya ridhaa nchini Marekani zimejengwa kwa mali ya mtumba. Transmita iliwahi kuwatumikia polisi wa kaunti, dupleksa iliteremshwa kutoka mnara wa kampuni ya teksi, na kabati lilikuwa la zimamoto. Klabu ya wanaredio ikavikusanya vyote, ikavisafisha, ikavityuni upya na kuvipandisha kilimani. Leo dereva aliye bondeni na redio ya mkononi ya wati 5 anaongea na mwenzake aliye upande wa pili wa kilima kana kwamba hakipo. Msimu wa tufani ukifika, waangalizi wa kujitolea wa mpango wa Skywarn hutumia ripita za namna hiyohiyo kuwaeleza watabiri wa National Weather Service kile wanachokiona angani kwa macho yao. Chombo alichokichoka mtu mmoja kinageuka kuwa huduma kwa wilaya nzima, na ndiyo maana naiona kazi hii ina heshima yake.

Lakini mtumba una hila zake, na ripita haina huruma kwa anayenunua kwa kubahatisha. Katika sura hii nitatetea jambo moja: pesa zako na muda wako viende kwanza kwenye risiva na dupleksa. Nguvu ya kurusha ndiyo rahisi kuipata, ndiyo inayotangazwa zaidi na wauzaji, na ndiyo inayostahili kusubiri.

Kusema na kusikia kwa wakati mmoja

Redio ya kawaida hupokezana zamu: ukibonyeza kitufe unasema, ukiachia unasikia. Ripita haina zamu. Inapokea kwa masafa fulani na papo hapo inarusha kwa masafa mengine, mara nyingi kupitia antena ileile, na dupleksa, seti ya mitungi ya kuchuja, ndiyo inayotenganisha kinachoingia na kinachotoka. Katika bendi ya mita 2, pengo kati ya masafa hayo mawili ni kilohezi 600 tu. Tuchukue jozi ya zamani inayojulikana sana Marekani: ripita inapokea kwenye megahezi 146.34 na kurusha kwenye 146.94.

Sasa tazama hesabu yake. Transmita inatoa wati 100. Risiva nzuri inatakiwa isikie ishara ya mikrovolti 0.25, ambayo kwenye waya wa omu 50 ni nguvu ndogo mno: ukigawanya zile wati 100 kwa nguvu hiyo unapata 8 ikifuatwa na sifuri 16. Kwa lugha ya mafundi, tofauti hiyo ni desibeli 169. Ni sawa na kumtaka mtu asikie mnong'ono kutoka ng'ambo ya mto huku yeye mwenyewe akipiga mayowe.

Risiva huumizwa kwa njia mbili, na anayezichanganya hizi mbili hatatibu hata moja. Ya kwanza ni wimbi lenyewe la transmita, lile la 146.94, kuingia kwa nguvu kwenye risiva na kuilemea hata kama haijatyuniwa hapo. Ya pili ni kelele. Hakuna transmita inayorusha masafa yake peke yake. Kila moja hutawanya mvumo mdogo pande zote mbili, na sehemu ya mvumo huo huangukia moja kwa moja kwenye 146.34. Kelele iliyokwisha kuangukia masafa unayosikiliza haiwezi kuchujwa na risiva yoyote, hata iwe ghali namna gani. Lazima izuiwe upande wa transmita, kabla haijafika kwenye antena.

Mafundi husema risiva imeziba pale inapopoteza usikivu kila transmita inapowaka. Ikiziba kwa desibeli 6, yule dereva wa bondeni anahitaji nguvu mara 4 ili asikike vilevile. Redio yake ya wati 5 inatakiwa iwe ya wati 20, na hana. Atabonyeza, ataisikia ripita ikifunguka kisha ikikatakata, na atadhani kosa ni lake.

Kwa nini redio ya miaka 50 bado ina soko

Wanaredio wa ridhaa wa Marekani wamelishwa na sheria za watu wengine mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kuelekea miaka ya 1960, wakati FCC, tume inayosimamia mawasiliano, ilipowabana watumiaji wa biashara na polisi wapunguze upana wa mawimbi yao, kutoka mchepuko (yaani kiasi ambacho sauti huyumbisha wimbi kila upande wa masafa yake) wa kilohezi 15 hadi 5. Redio pana zikakosa kazi, zikauzwa kwa bei ya chuma chakavu, na wanaredio wa ridhaa wakazichukua. Nyingi za ripita za mwanzo zilizaliwa katika kipindi hicho, zikifuata njia iliyofunguliwa na watu kama Art Gentry, W6MEP, aliyejenga ripita yake juu ya vilima vya Los Angeles katika miaka ya 1950.

Mara ya pili ni ya juzi tu. FCC iliweka tarehe 1 Januari 2013 kuwa mwisho wa njia za kilohezi 25 kwa watumiaji wa biashara na usalama wa umma katika sehemu kubwa ya masafa kati ya megahezi 150 na 512. Kila mmoja alitakiwa ahamie kilohezi 12.5. Redio ya ridhaa ina kanuni zake na haikuguswa. Hospitali, shule na vituo vya polisi vilitoa nje mitambo mizima iliyokuwa ikifanya kazi vizuri hadi siku ya mwisho.

Ndiyo maana bado utakutana na MASTR II ya General Electric, iliyobuniwa Lynchburg, Virginia, na Micor ya Motorola, zote zikiwa na sifa ya miaka ya 1970. Ubora wake unatokana na jinsi zinavyotengeneza wimbi. MASTR II ya megahezi 146.94 huanza na kristali ya megahezi 12.245, kisha huizidisha mara 12 kupitia saketi zilizotyuniwa hatua kwa hatua. Wimbi linalozaliwa hivyo huwa safi, na mvumo wake wa pembeni ni mdogo kuliko wa redio nyingi za bei nafuu zinazotunga masafa kwa saketi za kidijitali. Rudi kwenye ile kelele isiyochujika: transmita safi hukupunguzia mzigo kabla hujanunua hata mtungi mmoja wa dupleksa.

Ugumu wa redio hizi ni kristali zenyewe. Kampuni ya International Crystal Manufacturing ya Oklahoma City, iliyowakatia wanaredio kristali kwa miongo mingi, ilifunga kazi 2017. Leo wengi huweka kiosileta kidogo kinachopangwa kwa programu mahali pa kristali. Ni suluhisho zuri, kwa sharti moja: pima kelele yake. Ukiweka chanzo kichafu kisha ukakizidisha mara 12, uchafu nao unazidishwa.

Sokoni

Soko kubwa kuliko yote ni la Hamvention, mkutano ulioanza Dayton, Ohio, mwaka 1952, na ambao tangu 2017 hufanyika kwenye viwanja vya maonyesho vya Xenia, mwendo mfupi kutoka Dayton. Kila Mei, mashamba ya meza hujaa redio, nyaya na mitungi ya dupleksa iliyolazwa kwenye majani. Kuna pia minada ya mali za serikali za mitaa, mafundi wanaofunga karakana, na klabu zinazobadilisha mitambo. Klabu ndiyo chanzo ninachokipenda zaidi, kwa sababu muuzaji anaweza kukuambia chombo kilikaa wapi na kilitolewa kwa nini.

Swali la kwanza ni kipande cha masafa. Mtambo wa biashara hautengenezwi kwa bendi yote, hugawanywa. Quantar ya Motorola ya VHF, kwa mfano, ina toleo la megahezi 132 hadi 154 na jingine la 150 hadi 174. Kwa macho ni mapacha. La kwanza linaingia bendi ya mita 2 bila shida. La pili litakudai ubadilishe vipuri au ukubali risiva isiyosikia vizuri. Kwa hiyo soma namba ya modeli kwenye kibati kabla hujasoma bei.

Swali la pili ni muda wa kazi. Redio ya gari imeundwa kusema kidogo na kusikiliza sana. Ripita ya klabu yenye maongezi ya jioni inaweza kurusha nusu saa mfululizo. Ukitaka kuitumia redio ya gari, ishushe hadi nusu ya nguvu yake au chini zaidi, uipe feni na bapa kubwa la kupoozea. Mtambo uliotengenezwa kuwa kituo tangu mwanzo hauhitaji huruma hiyo.

Kisha fungua mfuniko. Tazama kapasita za elektrolitiki: zilizovimba au kuvuja zinajionyesha zenyewe, na hata zilizo nzima kwa macho, baada ya miaka 40, zibadilishe. Nusa, harufu ya kuungua haiishi ndani ya boksi lililofungwa. Angalia skrubu za kutyunia za risiva: zikiwa zimechubuliwa vichwa, kuna mtu amezigeuza bila vipimo. Hakikisha kitabu cha fundi kinapatikana, maana redio isiyo na mchoro ni boksi la vipuri tu. Tahadhari moja haina mjadala: baadhi ya transista kubwa za nguvu zina kauri ya oksidi ya beriliamu, na vumbi lake ni sumu kwa mapafu. Usizipasue, usizipige tupa.

Kwa dupleksa, kagua kwa mikono. Mitungi ya mita 2 ni mirefu kwa sababu ndani yake kuna fimbo inayokaribia robo ya wimbi, yaani nusu mita hivi. Bonde kwenye ukuta wa mtungi hubadilisha masafa na huenda lisirekebike. Vuta na sukuma fimbo ya kutyunia: iende laini, bila kukwaruza wala kuruka. Fimbo hiyo kwenye dupleksa nzuri hutengenezwa kwa Invar, mchanganyiko wa chuma na nikeli ambao hautanuki sana kwa joto. Charles Édouard Guillaume aliugundua mwaka 1896, na kazi yake ikampatia tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1920. Bila kitu kama hicho, dupleksa uliyoityuni asubuhi ya baridi ingehama yenyewe mchana wa jua kali.

Uliza pia kama nyaya fupi zinazounganisha mitungi ni zilezile za kiwandani. Urefu wake ni sehemu ya hesabu ya dupleksa. Kwenye megahezi 146, robo ya wimbi ndani ya waya wa RG-214 ni sentimita 34 hivi, na mtu aliyebadilisha waya kwa urefu wowote alioukuta karakana amekuuzia dupleksa isiyotyunika.

Kutyuni mtungi

Dupleksa bora kwa mita 2 ni ile ambayo kila mtungi hufanya kazi mbili: unapitisha masafa mamoja na kuyazima mengine. Kwa jozi yetu, mitungi ya upande wa transmita hupitisha 146.94 na kuizima 146.34, ili mvumo ule usitoke. Mitungi ya upande wa risiva hupitisha 146.34 na kuizima 146.94, ili mayowe yasiingie. Kwa jumla unatafuta desibeli 80 hadi 100 za kuzima kila upande, kutegemea nguvu ya transmita na ubora wa risiva.

Zamani kazi hii ilihitaji mashine ya bei ya gari. Tangu 2019, NanoVNA, kipimo kinachoenea kiganjani, imewafungulia mlango watu wengi. Inafaa sana, mradi ujue kikomo chake: haioni vizuri kitu kilichozimwa zaidi ya desibeli 70 hivi. Mitungi mitatu kwa pamoja huvuka hapo. Kwa hiyo tenganisha, utyuni mmoja mmoja.

Weka mtungi mezani, umekaa kwenye joto la chumba tangu jana yake. Unganisha NanoVNA pande zote mbili, ukiweka kipunguzi cha desibeli 6 au 10 kila upande ili kipimo kione omu 50 za kweli. Legeza nati ya kufungia. Sogeza fimbo taratibu hadi kilele cha kupitisha kikae juu ya 146.94 na wimbi linalorudi liwe dogo kabisa. Kisha geuza skrubu ya kuzimia hadi shimo la mchoro lizame kwenye 146.34, mtungi mmoja mzuri hushusha desibeli 30 hivi. Sasa rudi kwenye fimbo, kwa sababu ulipogusa shimo, kilele kimesogea kidogo. Rudia hadi visikimbiane. Mwisho kaza nati, na usiondoe macho kwenye kioo unapokaza: nati hiyohiyo huivuta fimbo, na kilohezi chache zinatosha kuharibu kazi. Anayekaza bila kutazama atalazimika kuanza upya.

Ukishaunganisha mitungi yote, funga mlango wa risiva kwa mzigo wa omu 50, peleka ishara ya 146.34 kwenye mlango wa transmita, na uisikilize kwenye mlango wa antena kwa risiva kali. Sahihisha kidogo sana hadi ishara izame. Fanya hivyo kwa upande wa pili, ukibadilisha milango na masafa. Kisha pima hasara: dupleksa inayokula desibeli 1.5 inakuachia wati 71 katika kila 100. Hiyo ni kawaida. Ikila 3, kuna kiunganishi kibovu au mtungi uliotyuniwa vibaya.

Kipimo kisichodanganya

Mtambo ukishasimama, kuna jaribio moja linalotoa hukumu. Weka mzigo bandia wa omu 50 mahali pa antena. Kupitia kiunganishi kinachopenyeza ishara ndogo bila kuuvuruga mstari, ingiza ishara ya 146.34 kutoka kwenye jenereta, transmita ikiwa imezimwa. Punguza hadi risiva ibaki na desibeli 12 za SINAD, kiwango ambacho mafundi hukitumia kama mwisho wa maneno kueleweka. Andika namba. Sasa washa transmita kwa nguvu yake yote. Kipimo kisipobadilika, umeshinda. Kikishuka, ongeza ishara hadi kirudi palepale, na kiasi ulichoongeza ndicho kiasi ambacho ripita imeziba.

Rudia yote ukiwa na antena halisi. Kama mzigo bandia ulikuwa safi na antena inaleta kelele, acha mitungi. Tatizo liko juu: kiunganishi kilichoingia maji, bolti yenye kutu mnarani, waya uliolegea.

Waya ndio unaowaponza wengi. Waya wa wavu mmoja huvujisha, na ndani ya kabati uvujaji huo huruka dupleksa yote kana kwamba haikuwepo. Tumia wenye nyavu mbili zilizopakwa fedha, RG-214 au RG-400, kwa kila kiungo cha ndani, na konekta za aina ya N. LMR-400, pamoja na sifa zake kwenye kazi nyingine, iache nje ya ripita: ina karatasi ya alumini chini ya wavu wa shaba iliyopakwa bati, na metali hizo zikisuguana chini ya nguvu kubwa hutengeneza kelele zake zenyewe. Kwa njia ndefu ya mnarani, tumia waya wa ukuta mzima wa shaba.

Sauti nayo inahitaji kipimo. Kama huna mashine ya kupimia mchepuko, hisabati ya Bessel itakusaidia. Peleka mlio wa hezi 2,079 kwenye transmita na utazame wimbi kuu kwenye risiva yoyote inayochora masafa. Ongeza sauti polepole kutoka sifuri. Pale wimbi la katikati linapotoweka kwa mara ya kwanza, mchepuko ni kilohezi 5 kamili.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki

Chombo cha Marekani kinaweza kufanya kazi Nairobi au Arusha, lakini si kwa kuchomeka tu. Sisi tuko katika Kanda ya 1 ya masafa, ambako bendi ya mita 2 ni megahezi 144 hadi 146. Ripita hupokea, kwa mfano, 145.000 na kurusha 145.600. Pengo ni lilelile la kilohezi 600, kwa hiyo dupleksa ya Marekani ya bendi hiyo huteremshwa na kutyuniwa bila kubadilisha umbile lake.

Angalizo kubwa liko kwenye umeme. Vituo vingi vya zamani, vikiwemo vya MASTR II na Micor, vina transfoma inayojisawazisha kwa kapasita iliyopangwa kwa hezi 60. Umeme wetu ni wa hezi 50. Hata ukishusha volti 230 kuwa 120 kwa uangalifu, transfoma hiyo itatoa pungufu ya takriban moja ya sita na kufanya kazi nje ya mpango wake. Iondoe, uweke pawasapulai ya kisasa ya volti 13.8 yenye betri pembeni. Kwa vilima vyetu vyenye umeme wa kukatikakatika, betri hiyo ungeihitaji hata hivyo. Na kabla ya yote hayo, kibali: TCRA kwa Tanzania, Communications Authority kwa Kenya. Ripita isiyo na kibali na masafa yaliyopangwa itamsumbua mtu mwingine mwenye haki.

Pesa ziende wapi kwanza

Ukiwa na bajeti ndogo, mpangilio wangu ni huu: dupleksa nzima isiyo na mabonde, nyaya za ndani zisizovuja, risiva ya kipande sahihi cha masafa, kisha transmita safi ya wati 30 au 40. Kipaza nguvu kikubwa kije siku ile tu jaribio la kuziba litakapoonyesha sifuri, na hata hapo urudie jaribio baada ya kukifunga.

Kisha fanya kazi ambayo wengi huiruka. Andika vipimo vyote kwenye karatasi moja: usikivu bila transmita na ukiwa nayo, hasara ya kila upande wa dupleksa, nguvu inayotoka na inayorudi, mchepuko, tarehe. Ibandike ndani ya mlango wa kabati. Baada ya mwaka mmoja fundi mwingine atapanda kilimani kwa sababu watu wanalalamika kwamba ripita haisikii. Akiikuta karatasi hiyo, atapima mambo matano, aone ni lipi limehama, na kulitengeneza siku hiyohiyo. Asipoikuta, ataanza kugeuza skrubu moja baada ya nyingine, na kazi yote uliyoifanya mezani itapotea mikononi mwake. Sura inayofuata inahusu antena na mnara, na vipimo hivyo ndivyo tutakavyoanza navyo.